Meza Isiyo na Nyaya

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alibaki darasani baada ya wenzake kutoka. Nilidhani ana swali kuhusu mada ya siku hiyo, kumbe alitaka kunionyesha picha. Alikuwa ameipiga meza yake ya kompyuta, usiku, katika chumba anachopanga Sinza, taa kubwa ikiwa imezimwa. Palikuwa na skrini mbili zilizokaa sambamba, kibodi inayowaka chini ya kila herufi, kipanya, spika mbili ndogo, mmea wa plastiki ndani ya kikombe cheupe, na nyuma ya skrini utepe wa taa uliomwaga rangi ya zambarau ukuta mzima. Ilikuwa picha nzuri. Akaniacha niitazame, kisha akauliza: "Mwalimu, unaona waya wowote?"

Sikuona. Akanieleza kwa furaha kwamba kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Alitoboa ubao wa meza kwa nyuma, akazipitisha nyaya kwenye bomba la plastiki, akazifunga pamoja kwa vibano, na ekstensheni ya umeme akaigongomea chini ya meza mahali ambapo jicho la kamera halifiki.

Nilimpongeza, na pongezi zangu zilikuwa za kweli. Kisha nikamuuliza fedha zilitoka wapi. Akasema nyingine ni bumu la mihula miwili, nyingine ni ujira wa kazi anayoifanya usiku: anasikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno kwa ajili ya kampuni ya nje, naye hulipwa kwa dakika ya sauti. Ofisi za kampuni hiyo ziko nchi gani hajui. Kiti alikikopa dukani na bado anadaiwa. Nikamuuliza mkataba wake unasemaje.

"Mkataba sina, mwalimu. Nina akaunti."

Makala haya yametokana na jibu hilo. Siandiki kumkejeli kijana yule, ambaye ana bidii kuliko wengi wetu tunaomfundisha. Ninaandika dhidi ya desturi ambayo yeye na maelfu ya vijana wenzake wameipokea bila kuihoji, na dhidi ya wale wanaofaidika desturi hiyo ikiendelea kunyamaziwa. Hoja yangu ni kwamba kuonyeshana meza za kompyuta, jambo linaloonekana kuwa mchezo usio na madhara, kumekuwa namna ya kumfundisha mfanyakazi ajivunie mzigo aliotwikwa na mwajiri. Mtu ananunua ofisi kwa fedha zake, anaikabidhi kwa tajiri bila kodi, kisha anaipiga picha kana kwamba amezawadiwa.

Kwa wasioifahamu desturi yenyewe, nitaieleza kwa ufupi. Wapenzi wa kompyuta duniani kote hupiga picha meza zao za nyumbani na kuzituma mitandaoni ili wenzao wazitazame, wazisifu na kuzikosoa. Wanaozungumza Kiingereza wamezipa jina la kijeshi, kituo cha mapambano. Picha hizi zina kanuni zake ingawa hazijaandikwa popote. Mtu hatakiwi kuonekana. Kazi haitakiwi kuonekana, kwa hiyo skrini huwekwa mandhari ya milima au ya anga la usiku. Kikombe kichafu, karatasi, vumbi na chaja ya simu huondolewa. Juu ya yote, nyaya hazitakiwi kuonekana. Anayeacha waya mmoja ukining'inia atakumbushwa na mtazamaji wa kwanza. Chini ya picha huja orodha ya vifaa, kila kimoja na jina la mtengenezaji wake, mara nyingi na bei.

Najua jibu litakalokuja haraka: mzee anawaonea vijana wivu. Jibu la pili litasema kwamba huu ni ugeni, vijana wameiga Wazungu. Hili la pili ndilo nisilolikubali kabisa, kwa sababu kujionyesha kwa vyombo vya nyumbani hatukufundishwa na mtandao. Atakayeingia katika majumba ya mawe ya Lamu yaliyobaki tangu karne ya 18 ataona kuta za ndani zilizochongwa zidaka kwa safu, tangu usawa wa kiti hadi karibu na dari. Ndani ya zidaka hizo waungwana walipanga vyombo vya kaure kutoka Uchina. Bakuli lililowekwa kidakani halikuwa la kulia wali. Lilimwambia mgeni kwamba mwenye nyumba ana marafiki ng'ambo ya bahari, ana majahazi, ana dhamana. Zidaka zilikuwa picha ya meza ya zama zile.

Lakini nyumba hiyohiyo ilikuwa na sehemu ambayo mgeni hakupelekwa. Chini, kwenye vyumba vya giza vya usawa wa ardhi, iliwekwa mizigo na waliwekwa watumwa. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye mashamba ya bara, watumwa wengine walilima mtama uliouzwa Uarabuni. Faida ya mtama ndiyo iliyonunua kaure. Kidaka kilionyesha bakuli na kikauficha mkono uliolilipia.

Nasi watumishi wa umma tusijitoe katika habari hii. Nani hajawahi kuingia katika ofisi ya mkuu fulani akakuta meza pana iliyong'arishwa, tupu, yenye bendera ndogo na kalenda, na nyuma yake kiti cha ngozi kilichovikwa taulo mgongoni? Mafaili hayapo. Mafaili yako chumba cha pili, kwa katibu muhtasi, ambaye meza yake imejaa hadi anakosa pa kuweka chai. Katika ofisi zetu ukubwa wa cheo hupimwa kwa utupu wa meza, yaani kwa umbali uliopo kati ya mwenye meza na kazi inayofanywa kwa jina lake. Kijana wa Sinza alipoiondoa kazi mezani pake kabla ya kupiga picha, alikuwa anaiga meza ya bosi. Tofauti ni kwamba yeye hana chumba cha pili. Katibu muhtasi ni yeye mwenyewe, kuanzia saa nne za usiku hadi alfajiri.

Kuna historia nyingine ambayo inafaa wapenzi wa kompyuta wenyewe waikumbuke, kwa kuwa ni ya ukoo wao. Mwaka 1975, huko Menlo Park katika jimbo la California, watu waliovutiwa na kompyuta walianza kukutana kwenye gereji ya mmoja wao. Walijiita Homebrew Computer Club. Mtu alikuja na saketi aliyoiunga mwenyewe, akaiweka mbele ya wenzake, nao wakauliza kila sehemu inafanya nini. Katika kundi hilo Steve Wozniak alionyesha kompyuta iliyokuja kuuzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Iliuzwa kwa dola 666.66, na mnunuzi alipewa ubao wa saketi tu, bila kasha, bila kibodi, bila skrini. Baadhi ya wanunuzi waliitengenezea kasha la mbao. Nyaya zote zilikuwa nje, kwa sababu nyaya ndizo zilizokuwa somo.

Lugha yetu imeweka mpaka mahali hapa kwa silabi moja. Kuonyesha ni kitendo cha mwalimu na fundi: nakuonyesha jambo ili nawe ulijue. Kujionyesha ni kitendo cha mwenye kidaka: nakuonyesha kitu ili unijue mimi. Wapenzi wa kompyuta walianza kwa kuonyesha, na sehemu kubwa ya desturi yao leo imehamia kwenye kujionyesha. Wapo bado wanaounga kompyuta zao kwa mikono na kumweleza kila aulizaye; hao nawavulia kofia. Ninaowalaumu ni wale walioligeuza jambo la maarifa kuwa orodha ya ununuzi.

Basi tuzitoe nyaya chini ya meza ya Sinza, mmoja baada ya mwingine, tuone zinaelekea wapi.

Waya wa kwanza ni wa umeme. Unatoka kwenye ekstensheni, unaingia ukutani na kuishia kwenye mita ya LUKU ambayo kijana huyu huijaza kwa zamu na wapangaji wenzake wanne. Umeme huo una siasa yake. Nchi nzima inakumbuka mgao wa mwaka 2023, na inakumbuka Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipoanza kuzalisha, katika mradi wenye uwezo wa megawati 2,115. Bwawa hilo limejengwa kwa fedha za umma. Ni halali yetu kuuliza kwa nini kampuni ya nje, isiyo na hata bango la jina katika nchi hii, iendeshe shughuli zake usiku kucha kwa uniti zilizonunuliwa na mwanafunzi.

Waya wa pili ni wa intaneti. Wengi wa wapenzi wa meza wanaamini hawana waya huu kwa kuwa wanatumia mawimbi ya simu. Waya upo, umelala chini ya Bahari ya Hindi. Mkongo wa SEACOM ulifika kwetu mwaka 2009 na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Meza zote nzuri za Sinza, Mbezi na Mikocheni ziliendelea kuwaka zambarau bila kufanya lolote. Kijana wangu anasema siku zile hakulipwa. Mkongo ulioko chini ya bahari si wake, hasara ya kukatika kwake ikawa yake.

Waya wa tatu hauonekani hata ukitambaa chini ya meza kwa tochi, na kwangu ndio mzito zaidi. Kibodi yake haina waya, kipanya chake hakina waya, kompyuta yake mpakato hufanya kazi saa kadhaa umeme ukikatika. Vyote hivyo vinategemea betri za lithiamu, na aina ya betri inayotumika sana katika vifaa vidogo kama hivi huhitaji kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Migodi mingi ni ya makampuni makubwa. Lakini Kolwezi na vitongoji vyake wako pia wachimbaji wadogo wanaoingia mashimoni kwa mikono, kwa nyundo na tindo, bila nguzo za kuzuia udongo. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza kwamba miongoni mwao walikuwamo watoto. Wanapoitana shimoni huitana kwa Kiswahili. Kibodi isiyo na waya imefungwa kwa waya mrefu unaotoka Sinza hadi kwa msemaji mwenzetu wa lugha hii.

Ndani ya kompyuta, kwenye bao la saketi, kuna pia vipande vidogo vya kuhifadhi chaji, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantalamu, madini yanayotokana na koltani. Mahali maarufu pa koltani ni Rubaya, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini. Waasi wa M23 waliitwaa Rubaya mwaka 2024, na kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliripoti mwishoni mwa mwaka huo kwamba waasi hao walikuwa wakikusanya dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi kwa kuitoza ushuru biashara ya madini hayo. Simwambii mtu atupe kompyuta yake. Hata maneno haya nayaandika kwa mashine ya namna hiyohiyo. Nasema kwamba jina la kituo cha mapambano linatia aibu mtu akijua kuwa mapambano ya kweli, yenye risasi na wakimbizi, yanapiganwa mwanzoni mwa waya wake.

Waya wa nne ni wa ujira. Huu ndio ulio karibu yetu kuliko yote, na ndio tunaoweza kuushika leo.

Nilimwomba mwanafunzi wangu aniletee hesabu ya mwezi mmoja. Aliileta kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa amefanya kazi saa 94. Alilipwa, kwa thamani ya shilingi, 310,000. Bando la intaneti lilikula 60,000. Umeme, sehemu yake, 25,000. Marejesho ya kiti 50,000. Makato ya kuzitoa fedha kutoka ng'ambo hadi kwenye simu yake 18,000. Zilibaki 157,000, yaani chini kidogo ya shilingi 1,700 kwa saa, kabla ya kuhesabu skrini, meza, kibodi na uchakavu wa mgongo wake. Kiti chenyewe aliuziwa 380,000. Hadi Juni 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilikuwa 370,000 kwa mwezi, kabla hakijapandishwa kuwa 500,000. Kijana alinunua kiti cha kumfanyia kazi mtu mwingine kwa bei iliyozidi mshahara huo wa zamani wa mwezi mzima.

Katika kila kiwanda, shule na hospitali niliyoifahamu, anayeajiri ndiye anayeleta meza. Hata mkoloni aliyemlazimisha babu zetu kulima mkonge hakumwambia aje na mashine ya kuukata. Leo mwajiri amefanikiwa kuuhamishia mtaji wake nyumbani kwa mfanyakazi, na ushindi wake mkubwa si kuzikwepa gharama hizo. Ushindi wake mkubwa ni kwamba mfanyakazi amezipenda, amezipamba kwa taa na kuzipigia picha. Mwenye kulalamika kuhusu gharama za kiti huonekana hana mapenzi na kompyuta.

Wanafunzi wa sheria wanisikilize vizuri hapa, maana meza ni jambo la ushahidi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaweka dhana kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi ni mwajiriwa, kwa vyovyote mkataba ulivyoandikwa, ikiwa mojawapo ya vigezo vilivyotajwa lipo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kimojawapo ni kuwa namna ya kufanya kazi inaongozwa na yule mwingine. Kingine ni kumtegemea kiuchumi. Kingine ni kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Na kingine ni kupewa naye zana au vifaa vya kazi. Tazameni basi. Kila kifaa anachojinunulia kijana, kila skrini na kila kiti, kinamwondolea kigezo kimoja cha kudai kwamba ameajiriwa. Picha yake yenye orodha ya vifaa na bei ni maelezo aliyoyatoa mwenyewe, kwa hiari, kwamba zana ni zake. Amemwandikia mwajiri utetezi.

Hata hivyo sheria hiyohiyo haijamwacha mikono mitupu. Kigezo kimoja kinatosha, naye kwa saa 94 ameipita ile 45 zaidi ya mara mbili. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia azihesabu. Anajua kasi ya kumbukumbu ya kompyuta yake hadi tarakimu ya mwisho, lakini saa zake mwenyewe alizihesabu kwa mara ya kwanza nilipomwomba karatasi ile.

Mtu ataniuliza sheria yetu itamkamata vipi mwajiri aliyeko ng'ambo. Swali ni la haki, na jirani zetu wamelijibu kwa sehemu. Wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kikatili ya Facebook waliishtaki kampuni ya Meta, iliyojitetea kwamba haina makao Kenya. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliukataa utetezi huo mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Wale walifaulu kufika mahakamani kwa kuwa walikuwa wengi, walikuwa katika jengo moja, walifahamiana. Linganisheni na yaliyotokea Machi 2024, jukwaa la Remotasks lilipoondoka Kenya ghafla na kuwafungia akaunti watu waliokuwa wakilifanyia kazi ya kufundishia akili mnemba. Hao walikuwa kila mmoja chumbani kwake, mbele ya meza yake. Hawakuwa na lango la kukusanyikia. Meza ya nyumbani imetuondolea mahali ambapo wafanyakazi huonana nyuso.

Wala haya ninayoyadai si ndoto. Hispania ilitunga kanuni mwaka 2020, ikazifanya sheria kamili mwaka 2021, kwamba anayemruhusu mfanyakazi kufanya kazi nyumbani ampe vifaa na afidie gharama. Ureno nayo ilitunga sheria mwaka 2021 inayomtwika mwajiri gharama za ziada za umeme na intaneti za anayefanyia kazi nyumbani. Huko jambo hili halikuonekana kuwa la kijamaa wala la kizamani. Limeonekana kuwa hesabu ya kawaida: anayechukua mazao ndiye anayenunua jembe.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito kuliko mengine yote, nalo nililisikia kwa kijana mwenyewe. Alisema: "Mwalimu, wewe una mshahara. Mimi nikiidai kampuni kiti, kesho kazi inakwenda kwa mtu wa nchi nyingine ambaye hadai." Anasema kweli, na mtu mwenye pensheni hana haki ya kumhubiria ushujaa. Ndiyo maana simtaki adai peke yake. Dai la mtu mmoja huzimwa kwa kubonyeza kitufe. Dai la nchi, na zaidi dai la nchi za Jumuiya yetu kwa pamoja, halizimwi hivyo, kwa sababu Kiswahili na lafudhi zetu ndizo wanazozitafuta wanapotutumia sauti za kuandika. Sauti ya Mswahili haiandikwi vizuri na asiyejua Kiswahili. Hapo tuna nguvu, na hatujaitumia hata mara moja.

Kwenu watumishi wa umma, hasa mlioko kwenye idara za kazi na za vijana: acheni kumwandika kijana huyu katika ripoti zenu kuwa amejiajiri. Hajajiajiri. Ana mwajiri, anapangiwa kazi, anakaguliwa, anakatwa malipo akikosea, na anaweza kufukuzwa bila barua. Kumwita mjasiriamali ni kuficha nyaya kwenye jedwali la takwimu. Andaeni kanuni itakayosema wazi kwamba mfanyakazi kujinunulia zana hakumwondolei dhana ya kuwa mwajiriwa. Ni sentensi moja.

Kwenu wanaharakati na vyama vya wafanyakazi: mmezoea kuandikisha wanachama langoni. Lango limekwisha. Tafuteni namna ya kuwafikia watu ambao kiwanda chao kiko futi tatu kutoka kitandani, nanyi msiwaendee kwa lugha ya kuwadharau kwa kuwa wanapenda taa za rangi.

Na kwenu wanafunzi: endeleeni kuzipenda meza zenu. Mtu ana haki ya kukaa mahali pazuri, na fundi kuzitunza zana zake ni adabu ya kazi tangu enzi za seremala wa milango ya Zanzibar. Ninachowaomba ni kuonyesha zaidi ya mlivyozoea. Ile orodha mnayoiweka chini ya picha, yenye bei ya skrini, bei ya kibodi na bei ya kiti, iongezeeni mistari miwili: saa nilizofanya kazi mwezi huu, na kiasi nilicholipwa kwa saa. Mkifanya hivyo watu mia moja, mtajua jambo ambalo leo linajulikana na kampuni peke yake, yaani nani analipwa nini kwa kazi ileile. Hapo ndipo mazungumzo ya bei huanza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ujira ni katika maradhi tunayoyaficha kwa heshima ya bure.

Kabla ya kuchapisha makala haya nilimwomba yule kijana ruhusa. Alikubali, mradi nisimtaje jina wala jina la kampuni, kwa kuwa akaunti inaweza kufungwa. Kiti, aliniambia, atamaliza kukilipia Septemba. Nikamuuliza kama ana hakika akaunti yenyewe itakuwapo hadi Septemba. Aliifunga picha kwenye simu yake, akasema ana kipindi saa nane, akatoka.